Vidonge vya kumbukumbu kwa mtahiniwa wa kidato cha nne: vinasaidia kweli au ni biashara tu?

#1 Mama Shufaa
Habari za jioni wakuu. Binti yangu yuko kidato cha nne, mtihani wa taifa ni Novemba. Jirani anayeuza virutubisho kaniletea kopo la vidonge vya ginko, vinavyotokana na majani ya mti wa jina hilo, anasema vinafungua ubongo na anachosoma mtoto hakitoki tena. Bei yake inatosha kununua mayai na dagaa wa mwezi mzima. Mtoto mwenyewe analalamika kwamba anasoma ukurasa, akifunga daftari hakumbuki kitu. Usiku anakunywa kahawa nyeusi ili akeshe. Je, kuna dawa, kirutubisho au chakula kinachoongeza kumbukumbu? Kama kipo, kinafanyaje kazi? Naomba wenye uelewa, za kusikia mtaani ninazo nyingi tayari.

#2 Fundi Redio
Kahawa mwache anywe. Dawa ya ubongo ninayoijua mimi ni hiyo moja tu.

#3 Mfamasia wa Kona
Mama Shufaa, hizo hela nunua mayai. Ginko imepimwa vya kutosha. Kule Marekani walichukua wazee 3,069 wa kuanzia miaka 75, nusu wakapewa ginko miligramu 120 asubuhi na jioni, nusu vidonge visivyo na kitu, wakafuatiliwa kwa miaka 6 hivi. Majibu yalitoka 2008: waliomeza ginko walipata ugonjwa wa kusahau sawasawa na wenzao. Na mtu anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini asiiguse bila kumuuliza daktari, maana inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu.

Kahawa nayo ieleweke. Ukikaa macho, kemikali inayoitwa adenosini inazidi kurundikana kwenye ubongo na ndiyo inayokuletea usingizi. Kafeini inakwenda kukalia nafasi yake, kwa hiyo ubongo hausikii uchovu, lakini uchovu upo palepale. Na haitoki mwilini haraka. Kwa mtu mzima wa kawaida, baada ya saa 5 hivi nusu yake bado inazunguka. Kikombe cha saa nne usiku, saa tisa usiku nusu bado imo. Sasa kazi ya kupanga na kuhifadhi ulichosoma mchana inafanyika sana usingizini. Binti anakesha kusoma, halafu ananyima ubongo saa za kuhifadhi.

#4 Mwalimu Kashai
Kwetu Bukoba tunatafuna kahawa, zile buni zilizochemshwa na viungo zikakaushwa, mgeni akija anapewa. Ni robusta, ambayo kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Wazee wanatafuna mchana kutwa na hesabu zao kichwani ziko sawa. Ila namba 3 yuko sahihi kuhusu usiku. Nimefundisha miaka mingi, mtoto aliyekesha namfahamu akiingia tu mlangoni. Anaandika anayoyajua, swali likigeuzwa kidogo anakwama.

#5 Dereva wa Tunduma
Na mirungi vilevile. Kwetu Tanzania ni marufuku kisheria, upande wa Kenya ni zao halali, na huko ndiko nilikoiona nikiwa utingo wa lori. Kifurushi kimefungwa kwa majani ya mgomba, ndani vijiti vyekundu laini. Dereva anamenya ganda kwa meno, anatafuna pamoja na jojo na karanga kupunguza uchungu, macho yanamtoka, maneno hayaishi. Usiku kucha kila kona ya barabara anaitaja kabla hatujafika. Kesho yake ukimuuliza tulikula wapi na nani, hajui. Huyo hakuwa na kumbukumbu nzuri, alikuwa macho tu.

#6 Njiwa wa Embu
Ndugu dereva, hayo majani ya mgomba si mapambo. Kiini cha mirungi, au miraa kama tunavyoiita huku, ni kemikali inayoitwa kathinoni, na baada ya siku mbili hivi tangu kuchumwa nguvu yake imeshuka sana. Ndiyo maana magari ya miraa kutoka Igembe, kule Meru, yanakimbia vile, mzigo lazima ubaki mbichi. Kuhusu kumbukumbu, Uholanzi waliwapima watafunaji wazoefu wakachapisha 2011: walionekana dhaifu kuliko wenzao katika kushika jambo jipya akilini na kuacha la zamani. Sina ubaya na wakulima wa miraa, wengine ni shemeji zangu. Ila mtahiniwa asiiguse.

#7 Sheha wa Muscat
Assalaam alaykum. Mmeruka dawa ya wazee. Hapa Oman, na kwa jamaa zetu wa Unguja, dawa ya hifdhi, yaani kuhifadhi kwa moyo, ni ubani. Unachukua punje safi za hojari, ule ubani wa Dhofari, unaziloweka usiku kwenye maji safi. Asubuhi maji yamepauka yamekuwa meupe, unakunywa kabla ya kutia kitu tumboni. Watoto wa chuo wanaohifadhi Qurani wanapewa hayo na zabibu. Mimi nimekulia humo na juzuu zangu ninazo kifuani mpaka leo.

#8 Mchambuzi Mkali
Sheha, na waliokunywa ubani wakashindwa kuhifadhi wako wapi? Hao hawaandiki humu. Uzi huu kila mtu ataleta cha kwao: Bukoba kahawa, Muscat ubani, bado wa supu ya kichwa cha mbuzi hajafika.

#9 Mfamasia wa Kona
Ubani umejaribiwa, ila sehemu kubwa ni kwa panya. Kuna majaribio panya walionyweshwa ubani walifanya vizuri kwenye mitihani ya kukumbuka njia. Kutoka panya hadi binti wa kidato cha nne ni mbali. Lakini Sheha, mtoto wa chuo anayeamka alfajiri, aliyelala mapema, anayerudia sura moja kila siku mbele ya ustadhi, huyo ana mengine mengi yanayomsaidia mbali na yale maji.

#10 Sheha wa Muscat
Hilo la kulala mapema nalikubali. Maji ya ubani siachi.

#11 Kapteni Mstaafu
Wanangu, mnazungumza ya kuongeza tu. Zipo dawa zinazopunguza. Mimi ni mgonjwa wa kisukari, namezeshwa metfomini miaka mingi. Nilianza kupata ganzi kwenye nyayo, halafu majina ya wajukuu yakawa yananipotea, namwita huyu kwa jina la yule. Nikajua ndiyo uzee. Daktari mmoja kijana akaagiza kipimo cha vitamini B12, ikakutwa chini sana. Nimechomwa sindano zake. Ganzi imepungua kweli. Majina, siwezi kusema kwa uhakika, siku nyingine yapo, siku nyingine hayapo.

#12 Mfamasia wa Kona
Shikamoo Kapteni. Hilo linajulikana: metfomini ikitumika muda mrefu inazuia B12 isifyonzwe vizuri, na dawa za kupunguza asidi tumboni kama omeprazoli nazo vivyo hivyo. Asiache mtu dawa yake ya sukari kwa sababu ya bandiko hili, aombe kipimo.

Na umenikumbusha kundi baya zaidi, maana linauzwa kama pipi. Vile vidonge vya mafua na mzio vya zamani, klorofeniramini na promethazini, halafu amitriptilini wanayopewa watu wa maumivu ya mishipa. Vyote vinaziba asetilikolini, na hiyo ndiyo kemikali ambayo ubongo unaitumia kushika mambo mapya. Ukitaka ushahidi, angalia dawa za ugonjwa wa Alzheimer kama donepezili: kazi yake ni kuilinda asetilikolini isivunjwe. Mwaka 2015 ulitoka uchunguzi wa Seattle, Marekani, wazee 3,434 wa miaka 65 na zaidi. Waliotumia dawa za aina hii kwa wingi na kwa miaka ndio waliopata ugonjwa wa kusahau zaidi. Diazepamu nayo ina tabia yake: yaliyotokea baada ya kuimeza yanaweza yasirekodiwe kabisa.

#13 Mjukuu wa Bi Mwana
Namba 12 umenishtua. Bibi yangu alikuwa anameza kile kidonge kidogo cha njano cha mafua kila usiku apate usingizi, duka la dawa linampa bila kuuliza. Asubuhi anaweka chai jikoni, anatoka, anarudi kuuliza nani kaweka chai. Mdomo mkavu, choo kigumu, anajigonga kwenye fremu ya mlango. Tulishaanza kuambizana kwamba bibi karogwa na wifi yake. Mjomba alipokiondoa kile kidonge, usingizi ulimsumbua kwanza, baadaye akatulia. Sasa chai anaimalizia mwenyewe. Kusahau kwa uzee bado kupo, ila ule wa kupotea ndani ya nyumba yake umekwisha.

#14 Mchambuzi Mkali
Pole kwa bibi, na nafurahi amepata nafuu. Ila kuhusu Seattle nina swali la haki. Ugonjwa wa kusahau unaanza kimyakimya miaka mingi kabla, na moja ya dalili za mwanzo ni kukosa usingizi. Sasa nani kasema kidonge kilileta ugonjwa? Huenda ugonjwa ndio ulimpeleka mtu kwenye kidonge.

#15 Mfamasia wa Kona
Watafiti walilifikiria hilo, wakaacha kuhesabu dawa za mwaka mmoja wa mwisho kabla ya ugonjwa kugundulika. Uhusiano ukabaki. Lakini sikatai, haujafika kuwa uthibitisho wa kisababishi. Ule wepesi wa kusahau wa siku hizohizo ambazo mtu anaimeza dawa, huo ndio hauna ubishi.

#16 Njiwa wa Embu
Turudi kwa mtoto wa shule, na hapa nina la nyumbani. Kuanzia 1998 hadi 2000, shule za msingi 12 za Kyeni, Embu, ziliingizwa kwenye jaribio la chakula. Shule zikagawanywa makundi manne. Kundi moja watoto walipewa githeri (makande ya mahindi na maharage) iliyotiwa nyama ya kusaga, la pili githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta ili nguvu zilingane, la nne hawakupewa chakula, ila familia zao zikapewa mbuzi wa maziwa kama fidia. Kila muhula wakapimwa.

Kwenye ule mtihani wa kukamilisha michoro, unaopima kufikiri bila kutegemea ulichofundishwa, kundi la nyama liliwaacha wote. Kwenye hesabu kundi la nyama na la mafuta yalifanya vizuri. Na uwanjani, watoto wa nyama walionekana wakianzisha michezo na kuongoza wenzao zaidi. Maziwa kwenye ile michoro hayakusaidia kitu. Watu wa kwetu walishangaa sana, maana siku zote tunaambiwa maziwa ndiyo akili ya mtoto.

#17 Fundi Redio
Basi jibu limepatikana, nyama.

#18 Mchambuzi Mkali
Fundi, taratibu. Nyama ina nini ambacho maziwa hayana? Kama ni B12, maziwa pia yanayo. Kama ni protini, yanayo. Na kama mafuta yaliinua hesabu, basi kwenye hesabu ilikuwa shibe tu. Na shule 12 kugawa kwa nne ni shule tatu kila upande. Mwalimu mkuu mmoja mzuri anatosha kubadilisha picha.

#19 Njiwa wa Embu
Hoja ya shule tatu ni nzito, naikubali. Kuhusu tofauti, wanaofikiriwa ni chuma na zinki. Nyama inavyo kwa namna ambayo mwili unavipokea kirahisi, na inasaidia hata chuma kilichomo kwenye maharage na mahindi kifyonzwe. Maziwa yana chuma kidogo sana, na kalisi yake inakizuia.

#20 Bint Wete
Hapo kwenye chuma nisimame, kwa sababu ni Pemba kwetu ndiko kulikofanyiwa majaribio mawili ambayo lazima yasomwe pamoja. La kwanza lilichapishwa 2001: watoto wadogo wa chini ya miaka mitano walipewa chuma kidogo kila siku kwa mwaka mzima. Lugha yao iliendelea vizuri zaidi, na wale wenye damu chini sana hata mwendo wao ulichangamka. Watu wakafurahi, na ni haki yao.

Halafu likaja la pili, kubwa mno, watoto zaidi ya 20,000, Pemba hiyohiyo. Mpango ulikuwa baadhi yao wapewe chuma na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza. Upande wa chuma ukasimamishwa kabla ya wakati, maana watoto waliopewa walikuwa wanalazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Yalichapishwa 2006. Wakati ule malaria kwetu ilikuwa kila nyumba. Mtoto aliyekuwa na upungufu wa chuma kweli alifaidika, asiyekuwa nao ndiye aliyeumia. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likasema penye malaria chuma kiendane na kinga na tiba ya malaria. Kwa hiyo mtu asisome namba 16 akakimbilia kununua matone ya chuma akamnywesha mtoto mchanga. Apimwe kwanza.

#21 Mwaka wa Tano
Nakazia namba 20. Na kwa umri wa binti wa Mama Shufaa lipo jaribio la Baltimore, Marekani, 1996. Wasichana wa sekondari ambao wingi wa damu yao ulikuwa wa kawaida, lakini akiba ya chuma mwilini iko chini. Walipewa chuma kwa wiki 8. Waliopewa walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa kukariri orodha ya maneno. Waliopewa kidonge kitupu hawakubadilika. Msichana anayepata hedhi nzito anaweza kuwa hapo bila mtu kujua.

Na wanachuo wenzangu wanaonunua vidonge vya watoto wenye utukutu wa kupindukia ili wasome, someni jaribio la Melbourne, Australia, la 2023. Watu 40 wazima wa afya, walipewa metilifenidati, deksoamfetamini au modafinili, siku nyingine kidonge kitupu, wakawekewa fumbo gumu la kuchagua vitu vya kujaza mkoba. Wakiwa na dawa walihangaika zaidi, wakatumia muda mrefu zaidi, na majibu yakawa mabaya zaidi. Waliokuwa hodari bila dawa ndio walioshuka hasa.

#22 Busia Asilia
Wote mnaruka minyoo. Minyoo ya safura inanyonya damu, mtoto atakumbuka nini? Kwetu Busia, Kenya, shule 75 zilipewa dawa, utoro ukapungua kwa robo, mmoja wa waliofanya kazi ile akapata Nobel 2019.

#23 Mchambuzi Mkali
Kweli utoro ulipungua. Lakini malizia habari yote: alama za mitihani hazikupanda. Imeandikwa kwenye ripoti yao wenyewe, 2004.

#24 Busia Asilia
Alama za wakati ule, sawa. Waliofuatiliwa ukubwani wanafanya kazi saa nyingi zaidi na wasichana wengi zaidi walifaulu kuingia sekondari. Mtoto asiyefika darasani hana cha kukumbuka.

#25 Fundi Redio
Mimi naona watu wa pwani na visiwani hawana shida hizi. Samaki wanao, chumvi ya bahari wanayo, madini joto tele. Rovu, ule uvimbe wa shingo wa kukosa madini joto, ni la watu wa milimani.

#26 Bint Wete
Kaka Fundi, hiyo ndiyo imani iliyotuchelewesha. Hata wakubwa waliamini hivyo, kwamba kisiwa kilichozungukwa na bahari hakiwezi kukosa madini joto. Walipokuja kupima mkojo wa watoto wa skuli, matokeo yakachapishwa 2006, upungufu ukaonekana, na Pemba ndiyo mbaya kuliko Unguja. Chumvi ya bahari haiji na madini joto ya kutosha, lazima yatiwe. Sisi chumvi yetu inatoka kwenye majaruba hapohapo, jua linakausha, wanakusanya kwa majembe, inatiwa kwenye magunia inaingia sokoni. Nani kaitia kitu? Na mama mjamzito ndiye anayeihitaji zaidi, kwa sababu ubongo wa mtoto unajengwa kwa homoni ya tezi la shingo, na tezi bila madini joto halifanyi kazi. Madini joto yakikosekana wakati ule, kidonge cha kidato cha nne hakirudishi.

#27 Mchambuzi Mkali
Nakuunga mkono dada, na naongeza mbichi na mbivu. Tanzania Bara kati ya 1986 na 1995 wajawazito wa wilaya zenye rovu walipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Uchambuzi wa 2009 ulisema watoto waliozaliwa humo walisoma zaidi, kati ya theluthi na nusu ya mwaka, hasa wasichana. Ikawa habari kubwa. Wengine wakarudia hesabu kwa takwimu nyingi zaidi, athari haikuonekana tena. Kwamba madini joto yanajenga ubongo sibishi. Mpango ule ulileta nini, watu bado wanabishana.

#28 Mama Shufaa
Asanteni sana, kopo nimelirudisha. Binti ana hedhi nzito, hilo nalijua, sikuwahi kulihusisha na masomo. Tutakwenda kupima. Swali dogo: chai ya rangi anakunywa kila mlo, hata na maharage. Ina ubaya?

#29 Mfamasia wa Kona
Ina ubaya hapo hapo kwenye mlo. Tanini ya chai inashikana na chuma cha maharage na mchicha, kinatoka bila kufyonzwa. Anywe saa moja au mbili baadaye. Kwenye mlo mpe chungwa, embe au ndimu, vitamini C inakisaidia chuma. Waambie wapime wingi wa damu, na wakiweza feritini, ndiyo inayoonyesha akiba. Kwa msichana wa umri wake wingi wa damu chini ya 12 (gramu kwa desilita) ni upungufu.

#30 Mwalimu Kashai
Dagaa wa ziwa je? Wale wazima wazima na vichwa vyao.

#31 Njiwa wa Embu
Wazuri, omena tunawaita. Chuma, zinki, B12, kalisi ukila na mifupa. Na ni wa bei ya mtu wa kawaida.

#32 Fundi Redio
Bint Wete, nitajuaje chumvi ya nyumbani kwangu ina madini joto?

#33 Bint Wete
Kituo cha afya wengine wana kichupa cha kupimia: tone moja juu ya chumvi, ikigeuka zambarau imo, ikibaki nyeupe haimo. Kopo lifunikwe, lisikae juani wala karibu na mvuke, na chumvi itiwe mwisho chungu kikiwa kinaepuliwa.

#34 Baba Jonia
Samahani naingilia. Mwanangu wa kiume alipata malaria ya kichwani akiwa na miaka minne, alizimia siku mbili, akapona. Sasa yuko darasa la pili. Shule wanasema mvivu. Ukimtuma dukani vitu viwili anarudi na kimoja. Nimenunua virutubisho vingi. Uzi huu naona wa chakula na dawa tu, kwangu inaweza kuwa nini?

#35 Mwaka wa Tano
Baba Jonia, pole. Usimwite mvivu na usikubali aitwe. Kampala, hospitali ya Mulago, waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya kichwani. Majibu ya 2008: miaka miwili baadaye mmoja kati ya wanne alikuwa na udhaifu kwenye kumbukumbu, umakini au kujifunza. Virutubisho haviondoi kovu hilo. Mpeleke hospitali ya mkoa, aonwe na daktari wa watoto, aulizwe pia kama anapata degedege za kimya, zile anazokodoa macho kidogo halafu anaendelea. Hizo zina dawa.

#36 Mwalimu Kashai
Na shuleni omba akae mbele, maelekezo apewe moja moja, alirudie kwa mdomo wake kabla hajaanza. Dukani mwandikie. Huyo mwalimu anayesema mvivu, nenda naye umweleze ugonjwa aliopitia mtoto, wengi hawajui.

#37 Baba Jonia
Hilo la kukodoa macho analo. Nilidhani anawaza. Jumatatu naenda.